Gauni limetoka njano, bwana harusi kapotea gizani, keki ni bluu: picha za ukumbini zinaokokaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha hivi: "Habari kaka, nina kamera ya kawaida na lenzi ile ile iliyokuja nayo. Juzi nimepiga harusi ya mtoto wa shangazi, ukumbini kulikuwa na taa za njano darini na zile za rangi rangi jukwaani. Gauni limetoka njano, bibi harusi ni mweupe, bwana harusi ni mweusi sana sura haisomeki, nikiongeza mwanga anakuwa kijivu kama kapakwa majivu, na picha za kukata keki wote ni bluu tupu. Nimebonyeza oto, kile kitufe cha kurekebisha picha yenyewe, ndo ikaharibu kabisa. Zinaokoka au niwaambie tu ukweli?"

Dada yangu, usiwaambie chochote kwanza. Kwa ulivyoeleza nyingi zinaokoka, za keki zina mambo yake ntakuja nazo huko mbele. Ila kabla hujagusa slaida hata moja, zile za kuvuta kushoto na kulia kwenye programu ya kuediti, fanya vitu viwili. Nakili mafaili yote kama yalivyotoka kwenye kadi, yaweke kwenye diski ya nje au flashi, halafu uediti nakala, zile zenyewe usiziguse. Cha pili ni kioo cha laptopu yako. Kuna ile setingi inayofanya kioo kiwe cha njano usiku ili macho yasiumie, izime, maana nimeshaletewa albamu nzima imechapwa watu wote wana ubluu wa ajabu, kumbe aliyeediti alikaa usiku wiki nzima anaondoa unjano ambao kwenye picha haukuwepo kabisa, ulikuwa kwenye kioo chake. Mwanga wa kioo nao usiwe wa mwisho, weka katikati, na kaa mahali ambapo dirisha haliko nyuma yako.

Sasa tuje kwa bwana harusi, maana najua ndiye anayekuumiza kichwa. Kamera haijui inampiga nani. Inakadiria mwanga ili kwa wastani fremu nzima iwe kijivu cha kati, kile cha asilimia 18, basi. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu kamera inaona mwanga umezidi, inabana, gauni linasalimika na aliyesimama pembeni na suti nyeusi anazama. Kwa hiyo huyo kijana hajapotea kwa sababu ni mweusi, amepotea kwa sababu kamera ilikuwa inalinda gauni. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nasikia wapiga picha wanawaambia wateja usoni eti "ngozi yako inasumbua kamera", na mtu anaondoka akiamini hivyo maisha yake yote. Sio kweli.

Na hili jambo lina mizizi mirefu. Enzi za filamu, kuanzia miaka ya 1950, Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, fundi anasawazisha rangi za mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae vizuri na wengine wote wanafuata hapo hapo. Lorna Roth, msomi wa chuo kikuu cha Concordia kule Canada, amelichunguza sana, na anaeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu kwenye rangi za kahawia ulitoka kwa watengeneza fanicha na watengeneza chokoleti, mbao zao na chokoleti zao za aina tofauti zilikuwa zinatoka zote sawa. Yani meza ilisikilizwa kabla ya watu. Kwenye simu, Google walipoleta Pixel 6 mwaka 2021 ndo wakaja na wanachokiita Real Tone, kurekebisha hesabu za kamera kwa watu wa ngozi nyeusi. Kwa hiyo kitufe cha oto usikitegemee kwa kazi kama hii, kinaangalia wastani wa picha nzima, kikiona gauni na nguo nyeusi na taa za njano kinachanganya vyote kwenye chungu kimoja.

Utaratibu wangu ni huu, rangi kwanza mwanga baadaye. Wengi wanaanza kinyume. Picha ina chaneli tatu, yani rangi tatu zinazoijenga, nyekundu, kijani na bluu. Chini ya taa za njano chaneli nyekundu ndo inajaa haraka na ya bluu inabaki na njaa, sasa ukiongeza mwanga kabla hujatoa unjano, nyekundu inagonga mwisho, na paji la uso linakuwa bapa moja la chungwa lisilo na umbo, ukija kutoa unjano baadaye lile bapa halirudi tena kuwa paji la uso.

Kama ulipiga RAW, yani faili ghafi la kamera ambalo halijapikwa, uko pazuri sana. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, lile faili la picha la kawaida, ina 256 tu na rangi kamera imeshaipika, kwa hiyo kwenye JPEG unasogeza kidogo kidogo, ukivuta sana utaanza kuona mistari mistari kwenye ukuta na mashavuni. Programu yoyote inafaa. Lightroom kama unalipia, kama hulipii basi darktable au RawTherapee kwa ajili ya RAW kisha GIMP kwa kumalizia, zote bure, na kwenye simu Snapseed inatosha kabisa kwa JPEG. Tafuta slaida yenye bluu upande mmoja na njano upande wa pili. Balbu za njano za darini huwa kati ya 2700 na 3000 kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, flashi iko kama 5500, kivulini nje inapita 7000, kwa hiyo picha za ukumbini anza kwa kuandika 3000 halafu panda au shuka ukiangalia watu. Chini yake kuna slaida nyingine ya kijani na zambarau, hiyo watu wanaisahau, taa nyingi za bei rahisi zina ukijani ndani yake, na ukijani kwenye ngozi yetu unamfanya mtu aonekane mgonjwa. Isogeze kidogo tu upande wa zambarau, tano, kumi, uone sura inavyopata uhai.

Najua utataka kuchukua kile kidude cha kudonyoa rangi ukidonyoe kwenye gauni ili programu ijue "hii ndo nyeupe". Kuwa makini hapo. Kwanza muulize mwenyewe kama gauni lilikuwa jeupe pee au la rangi ya maziwa, maana la maziwa ukilidonyoa unalazimisha krimu iwe nyeupe na watu wote wanakuwa wa bluu. Halafu vitambaa vyeupe vya kisasa vina dawa ya kung'arisha inayorudisha mwanga kwa ubluu, hasa mchana nje, ukidonyoa hapo picha nzima inarudi njano na utashangaa umekosea wapi. Meno na weupe wa macho pia sio nyeupe halisi, usidonyoe. Mimi natafuta sahani nyeupe ya mezani au kitu cha kijivu, na kikikosekana naamua kwa ngozi yenyewe.

Kuamua kwa ngozi ni hivi. Peleka mshale kwenye shavu, sehemu isiyong'aa sana wala isiyo kivulini, usome namba tatu za nyekundu, kijani na bluu. Ngozi ya binadamu yeyote, awe mweusi tii, awe maji ya kunde, awe mzungu, chini ya mwanga mweupe nyekundu inakuwa kubwa, kijani inafuata, bluu ya mwisho. Mtu mweusi unaweza kusoma kitu kama 118, 78, 58, mweupe 205, 160, 135, ni mfano tu sio sheria. Ukiona bluu imepita kijani, picha bado ina ubluu. Ukiona bluu iko karibu na sifuri wakati nyekundu ni 150, unjano bado umejaa. Na ukiona zote tatu zinakaribiana, 90, 86, 84, hayo ndo majivu unayoyalalamikia.

Hayo majivu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye slaida ya shedo, ile ya kunyanyua sehemu za giza. Mtu anaona sura nyeusi, anaivuta shedo mpaka 80, programu inanyanyua kila kilichokuwa gizani kwa pamoja, koti linakuwa kijivu, nywele zinakuwa kijivu, kivuli cha chini ya kidevu ambacho ndo kilikuwa kinachora taya kinafutika, na rangi yenyewe haipandi sawa na mwanga. Kisha kwa kuona paji linang'aa anashusha hailaiti, slaida ya sehemu zinazong'aa, chini kabisa, hapo ndo kamaliza kuua sura. Dada, ngozi nyeusi inasomeka kwa mng'ao wake. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo kwa vivuli, ngozi nyeusi inaonyesha umbo kwa zile sehemu zinazorudisha mwanga, juu ya pua, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo wa chini, ukiuzima ule mng'ao umebaki na uso wa udongo mkavu.

Kwa hiyo fanya hivi kwa bwana harusi wako, polepole. Mzungushie maski peke yake, yani eneo utakalorekebisha bila kugusa kwingine, uso na shingo na mikono, kwa brashi laini, suti iache nje. Kwenye Lightroom inaweza kumchagua mtu yenyewe, kwenye GIMP unarudufisha leya na kupaka maski kwa mkono, kwenye Snapseed unatumia kile kifaa cha kuweka nukta usoni kisha unabana vidole kupunguza eneo. Ndani ya maski ongeza ekspoja, slaida ya mwanga wa jumla, sio shedo, anza na 0.7, ukifika 1.2 simama uangalie. Kisha fungua kavu, ule mstari unaotoka pembe ya chini kwenda pembe ya juu. Weka nukta robo ya chini uinyanyue kidogo, kisha weka nyingine karibu kabisa na sakafu uirudishe ilipokuwa, ili nyeusi halisi ibaki nyeusi. Hapo utaona kitu kinachotokea ambacho mimi mpaka leo nakipenda: ndevu zinajitenga na kidevu, kope zinaonekana, mstari wa kucheka pembeni ya mdomo unarudi, na kola ya shati inaachana na shingo. Hailaiti iache, au iongeze tano. Mwisho ongeza joto kidogo, ile slaida ya bluu na njano isogee njano, ndani ya maski ile ile, na kama nyekundu imekuwa kali kama mtu kaungua jua, nenda kwenye rangi moja moja, nyekundu isogeze kuelekea chungwa kidogo na ipunguze ukali kama kumi hivi. Zima maski, washa, zima, washa. Ukiona tofauti ni kubwa mpaka unashtuka, punguza kwa theluthi moja.

Bibi harusi mpe maski yake. Usiwarekebishe pamoja hata siku moja, yeye umesema ni mweupe, akipata ekspoja ya mumewe uso wake unafutika.

Na hapa nikuambie kitu ambacho kilinibadilisha. Miaka yangu ya mwanzo niliediti harusi moja, baba wa bibi harusi alikuwa mzee mweusi sana mwenye makunyanzi mengi, nami nikamng'arisha mpaka akawa maji ya kunde, nikamlainisha ngozi, na familia wakasifia kwenye simu zao. Baada ya muda mzee akafariki. Wakaja wanataka picha kubwa ya kuweka mbele msibani, na ile ndo ilikuwa picha yake ya mwisho aliyovaa suti. Nikaifungua, binti yake kasimama nyuma yangu, kaangalia muda mrefu akasema taratibu, "lakini huyu sio baba." Alikuwa anasema kweli. Bahati nilikuwa na faili la kwanza kabisa kwenye diski, nikaanza upya yeye akiwa amekaa pembeni yangu ananielekeza, hapana alikuwa mweusi zaidi, hapo kwenye shavu kulikuwa na alama, usiiondoe hiyo. Tulimaliza saa nane usiku. Toka siku hiyo simbadilishi mtu rangi, mteja akiniomba "nifanye mweupe kidogo" namwambia ntakupa mwanga mzuri na rangi yako itaonekana ilivyo, na wengi wakiona matokeo hawarudii kuomba.

Kwenye kulainisha nafuata kanuni ya wiki mbili. Kitu ambacho kingeondoka chenyewe ndani ya wiki mbili kama chunusi, jasho, poda iliyogandamana, hicho toa. Kovu, kidoti, chale, nembo za bibi wa Kimakonde usoni, hivyo ni vya mwenyewe, viache.

Haya, keki. Taa za njano ni mwanga kamili uliopungukiwa bluu, kwa hiyo kuna cha kusawazisha. Taa ya jukwaani ya LED ikiwashwa bluu inatoa bluu peke yake, nyekundu haikufika usoni kwa mtu kwa hiyo haikurudi kwenye lenzi, na ambacho hakikuingia kwenye kamera hakuna slaida ya kukiumba. Fungua histogramu, ile chati yenye milima inayoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, uangalie chaneli moja moja. Ukikuta nyekundu imejibana yote ukuta wa kushoto na bluu imegonga kulia, usipoteze usiku wako, rangi ya ngozi hapo haipo. Ukikuta nyekundu ina mlima hata mdogo, maana yake kulikuwa na mwanga wa darini unaochanganyika, hiyo inaokoka, shusha ukali wa bluu kwa 30 mpaka 40, peleka joto upande wa njano, acha ukuta wa nyuma ubaki na bluu yake maana ukumbi ndivyo ulivyokuwa, na maski ya sura uiongezee joto zaidi kidogo.

Zile zilizokufa kabisa zigeuze nyeusi na nyeupe, lakini usibonyeze tu kitufe cha kuondoa rangi. Ingia kwenye mchanganyiko wa chaneli, bluu iteremshe karibu na sifuri kwa sababu imejaa na haina umbo tena, kijani ipandishe, ndiko sura zilikojificha. Itakuwa na chembechembe, sio mbaya, kwenye nyeusi na nyeupe chembechembe zinakubalika. Pia pitia fremu zote za keki moja moja, zile taa hubadilika kila sekunde chache, mara nyingi kuna fremu moja au mbili zilizopigwa taa ikiwa nyeupe au ya chungwa, na kisu chao kiko vile vile kwenye keki. Hizo ndo uzitangulize kwenye albamu.

Chembechembe za rangi, vile vidoti vyekundu na kijani vinavyotokea ukinyanyua giza, punguza kwa slaida ya noizi ya rangi mpaka viishe. Noizi ya kawaida ipunguze kidogo tu, ukizidisha watu wanakuwa wa plastiki.

Ukimaliza toa kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida. Za kuchapa ziache na ukubwa wake, picha ya sentimita 20 kwa 30 inataka kama pikseli 2,400 kwa 3,500 ili itoke safi, na zinyanyue mwanga kidogo kuliko unavyoona kwenye kioo, karatasi haina taa nyuma yake huwa inatoka nyeusi zaidi. Chapa moja kwanza, ile ya bwana na bibi harusi wamesimama pamoja, iangalie mchana mlangoni ndo utoe oda ya zilizobaki. Za WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakamuliwa upya na kazi yote ya vivuli ulivyotunza inapotea.

Na harusi ijayo, fika saa moja kabla, mtafute mtu wa taa kabla ya mshereheshaji, muombe wakati wa keki na wa pete akuwekee taa nyeupe japo dakika mbili, mimi hawajawahi kunikatalia. Nunua kadi ya kijivu, piga fremu moja nayo chini ya taa zile zile, hiyo ndo utaidonyoa badala ya gauni. Weka RAW. Kama taa za ukumbi zinapiga mistari kwenye picha tumia kasi ya shata ya sekunde 1/50 au 1/100, umeme wetu ni wa hezi 50 kwa hiyo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Gauni likijaa kwenye fremu ongeza ekspoja kwenye kamera kwa theluthi mbili mpaka moja nzima, huku ukiangalia lesi za gauni zisifutike.

Anza na ile moja ya wawili wamesimama, nyingine ziache kwanza. Ukikwama kwenye kavu nitumie faili lake la RAW kama dokumenti pamoja na namba tatu ulizosoma kwenye shavu la bwana harusi, ntakuambia uvute wapi.